Muscatine, Iowa: Historia ya Mji wa Mtoni na Taasisi Zilizoujenga

Mji wa Muscatine upo mashariki ya jimbo la Iowa, katika sehemu ya Marekani inayojulikana kama Magharibi ya Kati, mahali ambapo mto Mississippi, baada ya kutiririka kuelekea magharibi kwa masafa marefu, unapinda na kushika njia ya kusini. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo wakazi wapatao 23,800, idadi inayouweka katika kundi la miji midogo ambayo vitabu vya historia ya taifa huipitia kwa haraka. Hata hivyo mji huu ndimo ilimozaliwa mojawapo ya hukumu za mapema kabisa za mahakama ya juu ya jimbo zilizokataa ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Marekani, na ndimo kilimokita mizizi kiwanda kilichoyageuza magamba ya kome wa mtoni kuwa vifungo vya mashati ya dunia nzima. Makala haya yanaifuata historia hiyo kupitia taasisi za mji, yaani kanisa, shule, kiwanda, chama cha wafanyakazi, kituo cha utafiti, maktaba na shirika la umma la maji na umeme, kwa sababu humo ndimo inamoonekana wazi tofauti baina ya utajiri uliochotwa mtoni ukaisha na mambo ambayo wakazi waliyaweka chini ya sheria na kuyamiliki kwa pamoja.

Ardhi, mto na hati ya mji

Kabla ya walowezi kufika, ardhi ya eneo hilo ilikuwa makazi, mashamba na mawindo ya Wasauk na Wameskwaki, mataifa mawili ya Wenyeji wa Marekani yaliyokuwa na undugu wa karibu wa lugha na desturi. Mwaka 1832 Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, alivuka mto pamoja na wafuasi wake kurudi katika ardhi ya wazee wao upande wa Illinois, na vita vilivyofuata vikamalizika kwa kushindwa kwake. Serikali ya Marekani ikayalazimisha mataifa hayo kuachia ukanda mrefu wa ardhi magharibi ya mto, na tarehe 1 Juni 1833 ukanda huo ukafunguliwa kwa walowezi. Taasisi zote zitakazoelezwa hapa zilisimamishwa juu ya ardhi iliyopatikana kwa njia hiyo, na historia ya mji inayozungumzia haki haina budi kuanza kwa kulitaja jambo hilo.

Viwanja vya makazi mapya vilipimwa mwaka 1836, na mahali hapo pakaitwa Bloomington. Mwaka 1839 makazi hayo yalitambuliwa kisheria kuwa mji mdogo, mwaka 1849 yakabadilishwa jina na kuitwa Muscatine, na mwaka 1851 yakapewa hati ya manispaa, yaani waraka wa kisheria unaowapa wakazi mamlaka ya kuchagua viongozi wao, kutoza kodi na kutunga sheria ndogo. Katika miongo hiyo ya mwanzo riziki ilitegemea meli za mvuke, ambazo zilitia nanga kushusha wahamiaji na bidhaa, zikapakia nafaka na nyama ya nguruwe, na kununua kuni kwa wingi, kwa kuwa matanuri yake hayakuwa na nishati nyingine. Wahamiaji wengi walitoka majimbo ya mashariki, Ireland na hasa Ujerumani, na wakaja na makanisa yao, ufundi wao na lugha zao.

Baada ya meli za mvuke, biashara kubwa zaidi ikawa mbao. Magogo ya misonobari yaliyokatwa katika misitu ya Wisconsin na Minnesota yalifungwa pamoja kuwa vyelezo vikubwa, yakaelea na mkondo hadi Muscatine, na huko yakapasuliwa kuwa mbao za kujengea nyumba za walowezi wa nyanda za magharibi ambako miti ilikuwa haba. Familia za Hershey na Musser zilitajirika kwa biashara hiyo, na sehemu ya mali hiyo baadaye ilirudi kwa umma kwa namna itakayoelezwa. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 misitu ya kaskazini ilikuwa imekwisha kukatwa, na mashine za kupasulia mbao zikanyamaza. Hilo lilikuwa somo la kwanza kwa mji huu kuhusu mali inayovunwa bila kurudishwa.

Kanisa na shule

Miongoni mwa waliofika kwa meli za mvuke alikuwamo kijana wa miaka 16 aitwaye Alexander Clark, aliyewasili mwaka 1842. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1826 na wazazi waliokuwa wameachwa huru kutoka utumwani, akajifunza unyozi kwa mjomba wake huko Cincinnati, kisha akafanya kazi katika meli za mtoni kabla ya kuamua kukaa Muscatine. Unyozi ulimpa fursa ambayo Wamarekani Weusi wachache wa zama hizo waliipata, kwani wateja wake walikuwa mawakili, wafanyabiashara na wanasiasa wa mji, na kitini pake ndipo habari zote za mji zilipozungumzwa. Clark aliongeza biashara ya kuziuzia kuni meli za mvuke, akanunua ardhi, na mwaka 1848 akamwoa Catherine Griffin.

Mwaka 1849 Clark alishirikiana na wenzake kuanzisha tawi la Kanisa la Maaskofu wa Kimethodisti la Waafrika, dhehebu lililoasisiwa na Wamarekani Weusi waliochoshwa na kutengwa katika makanisa ya Wazungu. Taasisi hiyo ilikuwa zaidi ya mahali pa ibada, kwa kuwa kanisani ndimo jamii ndogo ya Weusi wa Muscatine ilimojifunza kuendesha mikutano, kutunza fedha za pamoja, kuandika maombi kwa serikali na kuchagua wasemaji wake. Mahitaji ya ujuzi huo yalikuwa makubwa. Iowa haikuruhusu utumwa, lakini mwaka 1851 bunge lake lilipitisha sheria ya kuwazuia Weusi huru kuhamia katika jimbo, na mwaka 1855 Clark na wenzake wa Muscatine wakapeleka ombi la maandishi wakitaka sheria hiyo ifutwe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipopamba moto, Clark aliandikisha askari kwa ajili ya kikosi cha Weusi cha Iowa kilichoundwa mwaka 1863, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kwenda vitani kwa sababu ya ulemavu wa mguu.

Vita vilipokwisha, swali la haki lilihamia kwenye mlango wa shule. Mwaka 1867 Susan Clark, binti wa Alexander na Catherine, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alikwenda kujiandikisha katika shule ya umma ya mtaa wake na akakataliwa kwa sababu ya rangi yake, akielekezwa katika shule iliyotengwa kwa watoto Weusi. Baba yake alifungua shauri akiomba mahakama itoe amri ya kuilazimisha halmashauri ya shule kutimiza wajibu wake wa kisheria. Mahakama ya wilaya ilimpa Clark haki yake, halmashauri ikakata rufaa, na shauri likafika Mahakama ya Juu ya Iowa.

Hoja ya halmashauri ilikuwa kwamba maoni ya umma na desturi ya mji yalitaka watoto watengwe, na kwamba halmashauri ilikuwa na hiari ya kupanga ni mtoto gani asome wapi. Katika hukumu ya mwaka 1868, iliyoandikwa na Jaji Chester Cole, wengi wa majaji walikataa hoja hiyo kwa msingi wa katiba na sheria za jimbo, zilizoagiza elimu kwa vijana wote wa Iowa pasipo kubagua. Jaji Cole alieleza kwamba halmashauri ingeruhusiwa kuwatenga watoto kwa rangi, isingekuwa na cha kuizuia kuwapeleka watoto wa Kijerumani shule moja na wa Kiairishi shule nyingine. Mfano huo ulikuwa na uzito wa pekee katika mji uliojaa wahamiaji wa mataifa hayohayo, kwa kuwa uliwaonyesha Wazungu kwamba kinga waliyokuwa wakimnyima Susan ndiyo iliyowalinda watoto wao wenyewe.

Hukumu hiyo ilitangulia kwa miaka 86 uamuzi wa mwaka 1954 wa Mahakama ya Juu ya Marekani uliobatilisha shule za ubaguzi nchini kote. Mwaka huohuo wa 1868 wapiga kura wa Iowa, baada ya kampeni ambayo Clark alikuwa miongoni mwa wasemaji wake wakuu, waliondoa katika katiba ya jimbo neno lililowapa wanaume Wazungu peke yao haki ya kupiga kura. Susan aliendelea na masomo hadi akahitimu shule ya sekondari ya Muscatine mwaka 1871. Kaka yake, Alexander mdogo, alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1879, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na baba akafuata nyayo za mwana mwaka 1884, alipokuwa na umri wa miaka 58.

Mwaka 1890 Rais Benjamin Harrison alimteua Clark kuiwakilisha Marekani nchini Liberia, taifa la Afrika Magharibi lililoanzishwa na Wamarekani Weusi waliorudi barani. Alifariki Monrovia mwaka 1891, na mwili wake ukasafirishwa hadi Muscatine, ukazikwa katika makaburi ya Greenwood. Nyumba yake, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1870, ilikaribia kubomolewa miaka ya 1970 ili kupisha jengo la makazi ya wazee, lakini wakazi waliotambua thamani yake walifanikisha kuihamisha mzimamzima hadi kiwanja cha jirani. Jengo hilo la wazee likapewa jina la Clark, na shule ya umma ya mji ikaja kuitwa kwa jina la Susan.

Magamba, misumeno na vifungo

Wakati Clark anafariki, mji ulikuwa unaingia katika zama mpya zilizoanzishwa na fundi wa Kijerumani, John Frederick Boepple. Katika karakana za Hamburg, Boepple alikuwa amejifunza kuchonga vifungo kwa pembe na kwa magamba ya baharini, na alihamia Marekani mwaka 1887 akitafuta malighafi ya aina hiyo mitoni. Aliipata kwa wingi katika Mississippi. Kome wa mtoni ni kiumbe laini anayeishi chini ya maji, amejificha ndani ya magamba mawili yaliyoungana kwa bawaba, na upande wa ndani wa magamba hayo umepakwa lulumizi, tabaka gumu linalong'aa kwa rangi za maziwa, waridi na samawati. Katika eneo la Muscatine, mpindo wa mto na mkondo uliopungua kasi vilikuwa vimewalea kome kwa mamilioni.

Mwaka 1890 bunge la Marekani lilipandisha ushuru wa forodha wa vifungo vilivyotoka nje, na hatua hiyo ikaufanya ufundi wa Boepple uwe na faida kwa mara ya kwanza. Alianza kutengeneza vifungo Muscatine mwaka 1891, na washindani wakamfuata upesi. Ndugu wa familia ya Barry, mafundi wa mji huo, walibuni mashine ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 iliunganisha kazi ya kuchonga uso wa kifungo na ya kukitoboa matundu, na kuanzia hapo kasi ya uzalishaji ikaongezeka mno. Mwaka 1905 viwanda vya Muscatine vilizalisha vifungo vipatavyo bilioni 1.5, zaidi ya theluthi moja ya vifungo vyote duniani, katika mji ambamo sensa ya mwaka 1900 ilikuwa imehesabu watu zaidi kidogo ya 14,000.

Safari ya kifungo ilianza katika mashua bapa. Mvuvi alikokota mtoni nondo ndefu yenye kamba nyingi, kila kamba ikining'iniza ndoana butu, na kome aliyekuwa amefungua magamba kwa ajili ya kula alipoguswa na ndoana aliifumbia kwa nguvu, akavutwa juu pamoja nayo. Ukingoni, familia zilizopiga kambi majira yote ya joto ziliwachemsha kome katika matangi ili magamba yafunguke, zikaitoa nyama na kuipapasa kwa vidole kutafuta lulu, kwa kuwa lulu moja nzuri ilizidi thamani ya shehena nzima ya magamba. Magamba yalipangwa kwa aina na kuuzwa kwa tani.

Kiwandani magamba yaliloweshwa majini kwa siku kadhaa ili yalainike, kisha mkataji akayashika kwa koleo au kwa mkono uliovaa glavu na kuyasukuma dhidi ya msumeno wenye umbo la bomba, uliozunguka kwa kasi huku maji yakiumwagikia kuupoza. Kila gamba lilitoa vipande kadhaa vya duara, na mabaki yake yenye matundu matundu yalirundikwa nje au kumwagwa kujaza mabonde na njia, kiasi kwamba hadi leo wakazi wanaochimba bustani zao hukutana nayo ardhini. Vipande vilisuguliwa mgongo ili viwe na unene mmoja, vikachongwa uso na kutobolewa, vikazungushwa ndani ya mapipa yenye tindikali hadi vikang'aa, na mwishowe vikachambuliwa kwa ubora. Hatua ya mwisho ilifanyika majumbani, ambako akina mama na watoto walishonea vifungo kwenye kadi za kuuzia dukani, wakilipwa kwa hesabu ya kadi. Kwa hiyo karibu kila nyumba ya mji, hata isiyokuwa na mfanyakazi kiwandani, ilikuwa na sehemu katika tasnia hiyo.

Mgomo wa mwaka 1911

Neema hiyo haikugawanywa sawa. Wakataji walifanya kazi wakiwa wamelowa, katika vumbi lililoharibu mapafu, na vidole vyao vilikatwa na magamba na kuingiwa na sumu. Ujira ulihesabiwa kwa grosi, kipimo ambacho kwa kawaida ni vipande 144, lakini wafanyakazi walilalamika kuwa waajiri wao walidai vipande zaidi kwa kila grosi na kuvikataa vingine bila kueleza sababu. Wasichana na wanawake waliosimamia mashine walilipwa kidogo zaidi kuliko wanaume.

Wafanyakazi waliunda chama chao, na mapema mwaka 1911 waajiri wakafunga viwanda, tendo lililofungua mgogoro uliodumu hadi mwaka uliofuata. Palitokea mapambano mitaani, gavana wa Iowa akatuma askari wa jimbo, na familia zilizokuwa majirani kanisani na sokoni zikagawanyika pande mbili. Miongoni mwa sauti zilizosikika mbali zaidi ilikuwa ya Pearl McGill, msichana mfanyakazi wa vifungo aliyesafiri hadi miji ya mashariki kuwachangishia wenzake fedha, na ambaye mwaka 1912 alishiriki pia katika mgomo maarufu wa wafanyakazi wa nguo huko Lawrence, Massachusetts. Mgomo wa Muscatine haukupata ushindi uliotarajiwa, na chama kikadhoofika. Hata hivyo ulithibitisha hadharani kuwa mali ya mto ilikuwa na gharama iliyolipwa kwa miili ya watu, na kwamba mji uliojivunia vifungo vyake ulikuwa haujaweka utaratibu wa kuwalinda waliovitengeneza.

Kituo cha Fairport

Kilichouangusha mji kutoka kileleni ni mto wenyewe. Kome hukua polepole, aina nyingine zikihitaji miaka mingi kabla ya gamba kufaa kwa kifungo, ilhali wavuvi waliwatoa wakubwa kwa wadogo bila kikomo. Sehemu moja ikiisha walihamia nyingine, na mwanzoni mwa karne ya 20 magamba yalianza kuletwa kutoka mito ya mbali. Mwaka 1908 bunge la Marekani liliidhinisha kituo cha utafiti wa viumbe wa majini huko Fairport, kijiji kilicho kingoni mwa mto juu kidogo ya Muscatine, kwa lengo la kuzalisha kome upya.

Kazi ya kituo hicho ilijengwa juu ya jambo la kustaajabisha katika maisha ya kome. Wachanga wake, wadogo kiasi cha kuonekana kwa shida, hawawezi kukua bila kujishikiza kwa muda kwenye matamvua au mapezi ya samaki, na aina nyingi za kome huhitaji aina maalumu za samaki. Wanasayansi wa Fairport waliwakusanya samaki, wakawaweka katika maji yenye wachanga wa kome, kisha wakawarudisha mtoni wakiwa wamewabeba wageni hao. Utafiti wao uliweka msingi wa elimu ya kome wa maji baridi inayotumika hadi leo. Boepple mwenyewe, akiwa ameshindwa kibiashara na wenye mashine kubwa, alikuja kufanya kazi na kituo hicho akiwa mtaalamu wa kome. Alifariki mwaka 1912 kwa sumu iliyoingia damuni baada ya kukanyaga gamba la kome alipokuwa kazini mtoni.

Juhudi hizo hazikuweza kushindana na uvuvi usio na mipaka, udongo uliomomonyoka kutoka mashambani na maji machafu ya miji. Vifungo vya plastiki vilipoenea katikati ya karne ya 20, viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, na miaka ya 1960 ukataji wa magamba ukakoma. Kampuni chache za mji ziliendelea kutengeneza vifungo kwa plastiki, na makumbusho ya vifungo vya lulumizi yaliyopo mjini yanahifadhi mashine, kadi na magamba yaliyotobolewa. Huko Fairport bado hufugwa samaki wa kupandikizwa majini, kazi inayoendeshwa sasa na serikali ya jimbo.

Mali ya umma

Sambamba na viwanda, wakazi walijenga taasisi ambazo hazikutegemea bei ya magamba. Mwaka 1900 mji ulinunua mfumo wa maji uliokuwa mikononi mwa watu binafsi, na mwaka 1922 ukaanzisha huduma yake wenyewe ya umeme. Shirika lililotokana na hatua hizo bado ni mali ya wananchi na husimamiwa na wadhamini kwa niaba yao, jambo linalomaanisha kuwa faida yake haina mwenyehisa wa mbali wa kuichukua. Mwaka 1901 Peter Musser, mmoja wa matajiri wa mbao, aliupa mji jengo la maktaba, na tangu hapo maktaba ya umma imebeba jina la familia hiyo hata ilipohamia mwaka 2018 katika jengo lililotolewa na kampuni kubwa ya samani ya mji. Chuo cha miaka miwili kilifunguliwa mwaka 1929, kikiwawezesha vijana wa familia za kawaida kuanza elimu ya juu bila kuondoka kwao.

Si kila kilichoitwa taasisi kilistahili imani ya watu. Mwaka 1925 Norman Baker, mvumbuzi na mfanyabiashara wa Muscatine, alianzisha kituo cha redio cha KTNT, akakitumia kuwashambulia madaktari na kutangaza dawa aliyodai inaponya saratani, na wagonjwa wengi wakafunga safari kwenda katika hospitali aliyoifungua mjini. Madai hayo yalikuwa ya uongo. Mwaka 1931 alinyimwa leseni ya redio, na mwaka 1940 akatiwa hatiani na mahakama ya serikali kuu kwa kutumia posta kuwalaghai watu. Historia ya mji inamtaja kwa sababu alijua kuitumia hasira halali ya watu maskini dhidi ya wenye nguvu, na kwa sababu kilichomzuia hatimaye kilikuwa sheria na uchunguzi wa wazi.

Mto nao uliwekewa utaratibu. Mwaka 1937 ulikamilika ujenzi wa bwawa namba 16 kando ya mji, moja ya msururu wa mabwawa yaliyojengwa ili mto uwe na kina kisichopungua futi tisa kwa ajili ya matishari ya mizigo. Kando ya bwawa kuna chumba kikubwa cha zege chenye milango miwili, ambamo chombo huingia, maji yakapandishwa au kushushwa hadi yalingane na upande wa pili, kisha chombo kikaendelea na safari. Usafiri ulinufaika, ingawa kome waliobaki walipoteza sehemu ya mikondo waliyoizoea. Mafuriko hayakukoma, na yale ya mwaka 1965 na 1993 yamebaki katika kumbukumbu za wakazi, lakini matuta ya kuzuia maji yameyalinda mashamba ya mchanga yaliyo kusini mwa mji, yanayosifika kwa matikiti.

Mji wa leo na watu wake

Baada ya vifungo, Muscatine haikutegemea tena bidhaa moja. Kiwanda cha Heinz kilikuwa kimekuja tangu miaka ya 1890 kusindika mazao ya mashamba ya jirani, na miaka ya 1940 yakaongezeka usindikaji wa mahindi na kampuni ya samani za ofisi iliyoanzishwa mwaka 1944. Mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, mhandisi C. Maxwell Stanley, alianzisha mwaka 1956 wakfu wa kuendeleza amani na ushirikiano wa kimataifa, nao umebaki na makao yake katika mji huu mdogo. Mavuno ya nyanya yaliwavuta wafanyakazi wa msimu kutoka Texas na Mexico, wengi wao wakahamia moja kwa moja, na leo watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini ni sehemu kubwa na ya kudumu ya mji, katika viwanda, makanisa, maduka na shule. Iowa City, kilomita zipatazo 60 kutoka Muscatine, nayo imepokea katika miongo ya karibuni familia nyingi kutoka Kongo, miongoni mwao wasemaji wa Kiswahili, ambao watoto wao huingia katika shule za umma za jimbo lilelile ambalo mahakama yake ilimfungulia mlango Susan Clark.

Mwaka 1985 ujumbe wa kilimo kutoka mkoa wa Hebei nchini China ulifika Muscatine, ukiongozwa na Xi Jinping, aliyekuwa kiongozi kijana wa wilaya ya Zhengding, naye akalala nyumbani kwa familia ya kawaida ya mji. Alirudi mwaka 2012, akiwa makamu wa rais wa nchi yake, kuwatembelea wenyeji waliompokea. Mahusiano ya dola hizo mbili yamepanda na kushuka tangu hapo, lakini ziara hizo zimeuachia mji mawasiliano na China ambayo miji mingi mikubwa haina.

Hukumu ya historia

Ukipimwa kwa kile ulichochota, Muscatine ni mji uliopoteza, kwa kuwa misonobari ilikwisha, kome wakakaribia kutoweka, na soko la vifungo likaenda kwingine. Ukipimwa kwa kile ambacho watu wake walikiwekea sheria na kukimiliki kwa pamoja, ni mji uliofanikiwa, kwa kuwa haki ya mtoto kuingia shule ya mtaa wake, maji na umeme wa wananchi, maktaba na chuo vimewazidi umri matajiri wote waliopita humo. Taasisi hizo hazikushuka kutoka juu. Zilidaiwa na kinyozi aliyefungua shauri, na wafanyakazi waliogoma, na wapiga kura waliokubali kununua mfumo wa maji, na wakazi waliokataa nyumba ya Clark ibomolewe. Miji ya mtoni popote ilipo, ikiwa inataka kujua itakachowaachia wajukuu, na ianze kwa kuhesabu ni mangapi imeyaweka katika mikono ya wote na chini ya sheria, kisha ndipo ihesabu mavuno ya mto.